Baba Hataki Oke Yako

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya duka la kinyozi,
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu kwanza, kwa sababu hasira haijanisahaulisha nilivyolelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameanza kusimama, au bado anashikilia kochi kama mlevi? Mwambie shangazi yake anamsalimu, na kwamba yeye hana kosa lolote katika haya yanayofuata.

Sisi tupo. Mama magoti yanamkatalia asubuhi, lakini jua likipanda anayasahau na kuanza kufagia palipokwisha fagiwa. Kitinda wetu amepata kazi duka la vioo, na kila siku anarudi na plasta kwenye kidole kingine. Mimi bado nipo palepale kwenye uchapaji, na wino bado haunitoki kwenye kucha. Kuhusu afya ya Baba, kaa kitako kwanza.

Barua hii umeletewa na jirani yetu muuguzi, yule aliyekuwa akikudunga sindano utotoni na wewe ukimwita shangazi ili akuhurumie. Anasafiri kesho kuja huko kwa mwanawe. Nimemwagiza akupe mkononi, akae, akutazame ukisoma mpaka mwisho. Ukimjibu oke, nimempa ruhusa akuzabe kofi kwa niaba yangu. Mkono wake unaujua.

Utasema mbona nimerudia karatasi wakati simu ipo. Nimeirudia kwa sababu simu umeifanya kichaka cha kujifichia. Kila ninachokuandikia humo unakijibu kwa neno moja, kisha unatoweka. Karatasi haina kitufe. Ukishaisoma itabaki mezani pako ikikutazama, nami ndivyo ninavyotaka.

Nianze mwanzo, maana sina hakika kama ujumbe wangu hata mmoja uliusoma wote. Baba alipata kidonda chini ya kidole cha mguu wa kulia. Unajua kisukari chake, na unajua alivyo. Alikificha ndani ya soksi, akaendelea kusimama kutwa nzima akinyoa watu na kuwapigia soga. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa Baba iliyomuumbua ni harufu. Mama ndiye aliyemvua soksi kwa nguvu. Daktari akasema vidole viwili vikatwe upesi, sumu isije ikapanda.

Baba hakukataa. Hilo nataka ulielewe vizuri, usije ukajifariji kwamba mzee alikuwa mbishi. Alisema tu kwamba kinyozi hajinyoi, na kwamba hawezi kuguswa kisu mpaka watoto wake watatu waseme.

Wewe umekulia kwenye duka lile, kwa hiyo hapa huna cha kujitetea. Unakijua kisa cha yule bwana harusi wa zamani, ambaye Baba alimuuliza kama anyoe zote, naye akiwa na usingizi akaguna tu, "Mm." Baba akanyoa zote. Bwana harusi akaamka na kichwa kama yai, harusi kesho yake, na ukoo mzima ukaja dukani kutafuta wa kumpiga. Tangu siku ile hakuna mteja aliyeguswa wembe kwa kuguna wala kwa kutikisa kichwa. Awe mtoto, awe bosi, lazima Baba amuulize, "Nikate nini, niache nini?" na lazima ajibu kwa mdomo wake, maneno yote. Wewe mwenyewe ulikuwa ukikaa juu ya kile kibao cha watoto ukiwafundisha wageni namna ya kujibu. Ndiyo maana tukakuita Kasuku, ulikuwa hunyamazi.

Basi alituketisha. Yeye kwenye kiti cha wateja, kile chenye kanyagio, mguu juu ya stuli, na shuka la kunyolea begani kwa mazoea tu. Akaniuliza mimi kwanza kwa kuwa ni mkubwa, "Haya, mwanangu. Wakate nini, waache nini?" Nikamwambia, "Wakate vidole viwili, Baba. Wakuache wewe." Kitinda akalia, akataka kutoka nje, Baba akamshika shati mpaka akasema lake. Mama alisema lake alilisema siku ya ndoa na halirudiwi. Ukabaki wewe.

Nilikuandikia ujumbe mrefu kuliko wowote niliowahi kuandika. Nilikueleza kidonda, daktari alivyosema, Baba anavyongoja. Nilikuomba umpigie, au angalau uandike maneno yako nimsomee. Jibu likaja haraka, tena hilo ndilo lililotufurahisha, tukasogea wote. Oke.

Mama aliishika simu muda mrefu akidhani mengine yanakuja. Baba akaniuliza, "Na baada ya hapo anasemaje?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi bado anaandika."

Kasuku, nataka ulikalie neno hilo. Bado anaandika. Wiki nzima, kila simu ilipolia, mzee aliinua kichwa. Tukimkumbusha habari ya hospitali anasema tusubiri, bado anaandika. Mtu wa miaka sabini na ushee, mguu unamuoza, anakutafutia udhuru.

Nikakupigia. Ukasema, "Oke dada, oke, niko kazini, nitampigia." Hukupiga. Nikaupiga picha mguu, wakati huo weusi umeshavuka kwenye vidole na kushika unyayo, nikakutumia nikidhani ukiona utashtuka. Ukajibu oke, na mara hii ukaongeza kile kipicha cha dole gumba. Yaani mtu anapoteza vidole, nawe unamtumia kidole. Sikumwonyesha. Nilienda uani nikaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Nilimwambia Baba inatosha, watoto wawili kati ya watatu wameshasema, twende. Nilimpandishia sauti, na hilo sijawahi kulifanya maishani. Akanijibu bila hasira, "Mimi sinyoi kichwa nusu."

Kitinda naye akaja na akili zake. Akatoka nyuma ya ukuta, akampigia Baba kwa simu ya rafiki yake, akaiga sauti yako. Na unajua anavyokuiga, hata Mama huwa anageuka. Akasema, "Baba, ni mimi, nakubali wakukate vidole, wakuache wewe." Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kitinda, rudi ndani, kuna baridi." Baadaye nikamuuliza alijuaje. Akasema sauti ilikuwa yako kabisa, ila ilimaliza sentensi.

Tukacheka, ndugu yangu. Tulicheka wote pamoja na yeye. Kisha nikaenda kulala na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tangu hapo nimekuwa kama mgonjwa. Kila mtu akisema oke masikio yangu yanasimama. Shemeji yako nikimwambia bomba la jikoni linavuja anasema oke, na bomba linaendelea kuvuja. Kwake maana yake ni nimekusikia, sasa niache. Muuza duka anaisema akiwa ameshamtazama mteja wa nyuma yangu. Daktari akiingia anasema oke, akitaka tutoke anasema oke, sijui ni mlango gani huo usio na ndani wala nje. Kitinda ukimkaripia anaivuta mpaka inakuwa tusi.

Na kazini ndiko nilikokoma nayo. Mteja anakuja kuchapisha kadi, tunampa sampuli aisome kabla hatujawasha mashine. Anaipitisha mbele ya macho, anasema oke, anaondoka. Kadi mia tatu zinatoka, anarudi anafoka kwamba jina la mama yake limekosewa. Ukimwambia si ulisema oke, anasema alikuwa anakubali rangi. Mwezi huu mwenye mashine amebandika tangazo ukutani: mteja asome kwa sauti, neno kwa neno, ndipo atie sahihi. Nilipoliona lile tangazo nilitamani kulibandua nikutumie wewe.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na neno lenyewe. Hata mimi nalitumia. Fundi akiwa juu ya ngazi na wewe chini unampa nyundo, oke inatosha kabisa, nani atake hotuba. Mtoto akikwambia amefika salama shuleni, oke. Ni neno zuri kwa vitu vidogo. Wala usiniambie ni sawa na kusema sawa, kwa kuwa kwetu ukisema sawa watu wanakutazama, wanangoja useme unafanya nini sasa. Oke yako haingojewi kitu. Imeshafunga mlango.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini umeing'ang'ania, kwa sababu wewe si mtoto mbaya na kazi haijawahi kuwa nyingi kiasi hicho. Na nadhani nimejua. Unaogopa. Hutaki mdomo wako uwe ndio uliosema Baba akatwe, kwa sababu akikatwa na mambo yakaenda kombo, litakuwa limesemwa na wewe. Oke haikufungi. Akipona, ulikubali. Akifa, ulisema oke tu, hukusema kata. Umejiwekea neno ambalo halina mwenyewe, ili likitokea la kutokea, asipatikane wa kuulizwa.

Basi na mimi niliogopa. Kitinda aliogopa mpaka akashikwa shati. Unadhani sisi tulisema kwa kuwa mioyo yetu ni ya mawe? Tulisema kwa kuwa mzee alikuwa anaingia mle peke yake na alitaka kuingia na maneno yetu. Wewe umekaa mbali, umevaa koti lako zuri, na umetuachia sisi tuogope na kwa niaba yako.

Hasira yangu haiishii hapo, maana jana ndiyo ilikuwa jana.

Tulirudi kwa daktari. Akaufungua mguu, akanyoosha bandeji polepole. Akasema habari ya vidole imeshapita, hata ya unyayo imeshapita. Sasa wanakata chini kidogo ya goti, Jumatatu asubuhi. Akasema, "Mzee, tukisubiri tena, mara nyingine hatutazungumza habari ya mguu." Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndugu yangu. Ufa ulikuwa vidole viwili.

Baba alikuwa na simu yake mapajani, ile ya vitufe, iliyofungwa mpira. Akaitazama. Daktari akamuuliza kama amekubali. Nikajua sasa atasema bado, kijana wangu bado anaandika, na nikajiandaa kupiga kelele mbele ya daktari.

Akasema, "Oke."

Kasuku, baba yetu. Mtu ambaye tangu yule bwana harusi hajamgusa mteja nywele kwa kuguna, ametoa mguu wake kwa neno hilo. Hakumuuliza daktari wakate nini, waache nini. Hakuniangalia. Daktari naye akasema oke, akaandika, tukaonyeshwa mlango. Nilimshika mkono hadi nje, na yule mtu aliyesimulia visa juu ya vichwa vya watu maisha yake yote hakutoa sauti hadi tukafika nyumbani.

Leo mchana amekuja mteja, yule seremala mwenye masikio makubwa ambaye Baba humtania kwamba anamlipisha nyongeza. Akachungulia, akauliza kama duka liko wazi. Baba akiwa kwenye kiti akasema, "Oke." Seremala akasimama mlangoni, hajui aingie au aende zake. Mwishowe akaketi kwenye benchi, wakakaa wote wawili wakitazama barabara. Mama akaja akanishika mkono jikoni, akaniuliza ni nani aliyemfundisha mzee neno lile. Nimekuja chumba cha nyuma kukuandikia wewe.

Sasa nisikilize. Sitaki uje. Nauli, ruhusa kazini, mtoto, yote najua. Sitaki unitumie chochote. Sitaki pia uniombe radhi mimi, maana mimi nikishakufokea huwa nimekwisha, unanijua. Nataka upige simu kwa Baba kabla ya Jumatatu. Si kwangu, kwake. Usimuulize anaendeleaje, usimwambie Mungu ni mwema kisha ukakata. Akishapokea, umwambie kwa mdomo wako, maneno yote, kama ulivyokuwa ukiwafundisha wageni ukiwa juu ya kibao: "Baba, wakate mguu. Wakuache wewe."

Najua litakukwama. Liache likukwame, kisha ulitoe. Hata mimi lilinikwama. Hakuna atakayekudai neno hilo baadaye, nakuahidi hilo mbele ya Mama. Likienda vibaya tutalibeba wote watatu. Lakini usimwache mzee alale juu ya meza ile akidhani kwamba kwa mwanawe wa kati mguu wake ulikuwa na uzito wa nyundo inayopandishwa ngazini.

Na kama utashindwa, basi mwambie muuguzi palepale, machoni, kwamba umeshindwa. Hilo angalau litakuwa jibu, nami nitajua la kumwambia Baba. Kasuku halisi, wa kwenye tundu, kwa muda wote huu angekuwa ameshajifunza neno la pili.

Nisalimie sana wifi yangu, na umwambie nikipata nafasi nitamwandikia barua yake ya peke yake, isiyo na kelele. Mbusu mtoto kwenye utosi. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi nzito, kana kwamba hilo ndilo tatizo letu. Kitinda anakusalimu, anasema akiitwa tena kuigiza sauti yako safari hii atataka posho. Seremala naye amenisikia nikisema nakuandikia, akasema nikupe hai.

Mungu akulinde huko uliko, akulindie na nyumba yako, na akufungue ulimi. Akukirimie watoto watakaokujibu kwa maneno kamili utakapokuwa mzee na mguu wako juu ya stuli.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo mmoja,

Dada Mkubwa

Nimeshalamba bahasha, nimeifungua tena. Baba ameniita kutoka dukani. Nilidhani anataka maji. Ameninyooshea ile simu yake, akaniuliza kama ina chaji, na kama kuna namna ya kuiongeza sauti, ili hata usiku wa Jumapili ikilia akiwa amesinzia aisikie. Nimeiongeza mpaka mwisho. Nimeiweka kwenye chaji karibu na kioo, mahali anapoweza kuifikia bila kusimama.